Sultan, Sheik na Simon: Uchambuzi wa Kisa cha Labradoodle wa Melbourne

Katika miaka ya 1980 barua kutoka Hawaii ilifika Australia, imeandikwa na mwanamke mwenye ulemavu wa macho aliyekuwa akitafuta mbwa wa kumwongoza. Mwanamke huyu alitaka mbwa ambaye mumewe angeweza kuishi naye nyumba moja, kwa maana mume alikuwa na mzio wa mbwa. Barua hiyo iliangukia mezani kwa Wally Conron, msimamizi wa uzalishaji wa watoto wa mbwa katika shirika la Royal Guide Dogs huko Melbourne. Yaliyofuata, yaani kuzaliwa kwa Labradoodle, mbwa chotara wa aina mbili za mbwa, Labrador na Poodle, yamesimuliwa mara nyingi, kwanza kama habari ya uvumbuzi wa kupendeza, na miaka mingi baadaye kama habari ya majuto ya mtu mzima aliyetamani asingeufanya uvumbuzi huo. Mimi nadhani masimulizi yote mawili yanapita kando ya jambo lenyewe. Nikikisoma kisa hiki hatua kwa hatua, ninaona kazi iliyokuwa na sehemu mbili, kupandisha na kupima, na ninaona soko likiichukua sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili pale pale ilipokuwa.

Wazo la kwanza la Conron halikuwa kuchanganya mbwa. Alifikiria Poodle wa umbo kubwa, na alikuwa na sababu nzuri. Watu wengi humfahamu Poodle kama mbwa wa maonyesho, aliyenyolewa kwa mitindo na kutembezwa kwa madaha, lakini asili yake ni mbwa wa kazi aliyetumiwa na wawindaji kuokota ndege walioangukia majini, na jina lake linatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kurusharusha maji. Ni mbwa mwenye akili nyepesi ya kujifunza, na manyoya yake ya msokoto hayapukutiki ovyo kama ya mbwa wengine. Kama yangekuwapo manyoya ambayo mume yule angeweza kuyavumilia, basi yalikuwa haya. Kwa muda wa miaka mitatu hivi Conron alijaribu Poodle 33. Hakuna hata mmoja aliyefaa kuwa mwongozaji.

Inafaa kutua kidogo hapa, kwa sababu idadi hiyo hupitwa haraka katika masimulizi. Mbwa mwongozaji hufanya kazi ambayo mbwa mwenye akili nyingi anaweza kushindwa kuifanya. Anatakiwa kutulia katikati ya magari yanayopiga honi, kumpuuza paka anayekatiza njia, kusimama ukingoni mwa barabara bila kuambiwa, na hata kukataa amri ya bwana wake pale amri hiyo inapomwelekeza kwenye hatari. Utulivu wa aina hiyo huzalishwa kwa vizazi vingi vya kuteua wazazi, na Labrador wa shirika lile walikuwa wameteuliwa kwa ajili hiyo. Wale Poodle 33 hawakuwa na historia hiyo nyuma yao. Kwa hiyo Conron alirudi kwa mbwa aliowajua, akachukua jike wa Labrador kutoka katika ukoo wa waongozaji, akampandisha kwa dume wa Poodle aliyekuwa wa mkuu wake wa kazi. Jike akazaa watoto watatu, nao wakaitwa Sultan, Sheik na Simon. (Mawili kati ya majina hayo yangesikika bila mshangao katika baraza lolote la Unguja au Mombasa, ingawa huko yasingeitiwa mbwa.)

Sasa tufike kwenye hatua ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa. Conron hakumpeleka Hawaii mtoto yeyote kati ya wale watatu kwa imani kwamba baba yao ni Poodle. Alichukua manyoya na mate ya kila mmoja, akavipeleka kwa mume mwenye mzio ili ajaribiwe navyo. Mume yule alidhurika kwa vielelezo vya watoto wawili, wa tatu hakumdhuru. Huyo wa tatu alikuwa Sultan, ambaye alifundishwa kazi ya kuongoza, akapelekwa Hawaii, na akamtumikia mwanamke yule kwa miaka mingi. Hali ilikuwa ile ile ulipokuja mzao mwingine wa mchanganyiko huo, kwani kwa maelezo ya Conron mwenyewe, kati ya watoto 10 ni 3 tu ambao hawakumletea mgonjwa wa mzio shida. Tukiijumlisha mizao hiyo miwili tunapata wanne kati ya kumi na watatu. Idadi ni ndogo mno kutoa kanuni ya kisayansi, lakini inatosha kuonyesha kwamba mtu aliyeianzisha kazi hii alijua tangu mwaka wa kwanza kwamba baba Poodle hatoshi kuwa dhamana, na kwamba watoto wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kabisa kwa lile jambo lililosababisha wazaliwe.

Wakabaki Sheik na Simon, na hapa ndipo kisa kilipogeuka. Mtoto wa mbwa anayetarajiwa kuwa mwongozaji hulelewa kwanza na familia ya kujitolea kwa mwaka mmoja hivi, azoee watu, watoto, ngazi, mabasi na kelele za mji. Shirika lilikuwa na orodha ndefu ya familia zilizosubiri kupewa mtoto wa kulea. Zilipoambiwa kwamba aliyepo ni chotara, zote zilikataa, kila moja ikitaka mbwa wa ukoo safi. Conron, akiwa na watoto waliohitaji nyumba kabla umri wa kuzoeshwa haujawapita, alikwenda kwa watu wa uhusiano wa shirika na kuwataka wawatangazie waandishi wa habari kwamba amepatikana mbwa mpya, wa pekee, anayeitwa Labradoodle. Hiyo ilikuwa 1989. Simu zikaanza kulia, na familia zile zile ambazo hazikumtaka chotara zikawa zinaomba Labradoodle.

Jina lenyewe halikuwa jipya. Mwingereza Donald Campbell, aliyejulikana kwa kuvunja rekodi za kasi majini, alikuwa amekwisha kulitumia mwaka 1955 kumwitia mbwa wake mwenye mchanganyiko huo huo. Wala kumpandisha Poodle kwa mbwa wa aina nyingine hakukuwa jambo geni, kwani huko Marekani Cockapoo, mtoto wa Cocker Spaniel na Poodle, alikuwa akifugwa miongo kadhaa kabla. Kipya kilikuwa ni kwamba safari hii jina lilitoka kwenye shirika la kuheshimika, likiwa limefungamanishwa na habari ya mwanamke asiyeona na mume mwenye mzio, hivi kwamba kila aliyelisikia alisikia pia ahadi mbili: mbwa huyu ana tabia ya mbwa mwongozaji, na mbwa huyu hadhuru wenye mzio.

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuelewa kilichotokea kwa zile familia, kwa sababu neno letu la chotara lina pande mbili. Mfugaji wa Kiambu au wa Hai mkoani Kilimanjaro akiambiwa kwamba ng'ombe anayeuzwa ni chotara wa Friesian, hawezi kuona ametukanwa, na huenda akaongeza bei, kwa kuwa anatarajia maziwa mengi kuliko ya ng'ombe wa kienyeji pamoja na uvumilivu wa magonjwa kuliko wa Friesian safi. Lakini neno hilo hilo likisemwa juu ya mbwa, wengi watamfikiria mbwa koko anayezurura sokoni. Familia za Melbourne zilisikia chotara kwa maana ya pili. Jina jipya liliwapa maana ya kwanza bila kubadilisha hata unywele mmoja wa Sheik wala wa Simon. Siwezi kumlaumu Conron kwa hilo. Alikuwa na watoto wawili wenye afya ambao walikuwa wakikataliwa kwa ubaguzi wa ukoo tu, na alitumia njia iliyokuwapo kuubomoa. Kosa, kama lipo, linaanzia pale jina lilipotoka nje ya lango la shirika, ambako hapakuwa na mtu wa kuchukua manyoya na mate na kuyapeleka kwa mnunuzi kabla ya biashara kufungwa.

Tuanze na ahadi ya mzio, kwa kuwa ndiyo iliyouza mbwa wengi zaidi. Watu wengi huamini kwamba mzio wa mbwa husababishwa na manyoya, kwa hiyo mbwa asiyepukutisha manyoya hana madhara. Ukweli ni kwamba mwili wa mgonjwa hupambana na protini, na iliyochunguzwa kuliko zote huitwa Can f 1, ambayo hupatikana katika mate na katika chembe za ngozi ya mbwa. Unywele ni chombo cha kuibeba tu. Mbwa akijilamba huipaka mwili mzima, naye awe na msokoto au asiwe nao. Ipo nyingine inayoitwa Can f 5, ambayo hutengenezwa katika tezi dume, na kwa sababu hiyo wapo wagonjwa wachache wanaodhurika na mbwa dume lakini wakaweza kukaa na jike bila shida, jambo ambalo halihusiani kabisa na aina ya mbwa. Hivyo swali la nani atamdhuru nani ni la mbwa fulani na mgonjwa fulani, kama lilivyokuwa Hawaii.

Uchunguzi uliofuata baadaye uliithibitisha picha hiyo. Watafiti wa hospitali ya Henry Ford huko Detroit walipima vumbi katika nyumba 173 zenye mbwa mmoja mmoja, na katika ripoti yao ya 2011 walieleza kwamba kiasi cha Can f 1 hakikutofautiana kati ya nyumba zenye mbwa wanaosemwa kuwa hawaleti mzio na nyumba zenye mbwa wengine. Mwaka uliofuata watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo yaliyokuwa mabaya zaidi kwa wauzaji. Manyoya ya mbwa waliosifiwa hivyo, Labradoodle na Poodle wakiwamo, yalikuwa na protini hiyo kwa wingi kuliko ya mbwa wengine waliolinganishwa nao. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba vumbi la sakafuni katika nyumba za Labradoodle lilikuwa na kiasi pungufu, pengine kwa kuwa manyoya hayaanguki, lakini katika hewa ambayo watu huivuta hakukuwa na tofauti. Mtu anayechoka kufagia manyoya ana sababu ya kufurahi. Mwenye pumu hana.

Ahadi hii ilikuwa na nguvu kiasi cha kufika Ikulu ya Marekani. Barack Obama alipochaguliwa aliwaahidi binti zake mbwa, na kwa kuwa mmoja wao alikuwa na mzio, mnamo Januari 2009 alisema wamebakiwa na chaguo mbili, Labradoodle na mbwa wa maji wa Ureno. Mwezi Aprili alifika Bo, mbwa wa maji wa Ureno. Conron ameeleza kwamba aliposikia Labradoodle akitajwa aliandika barua kumtahadharisha Obama achunguze kwanza ukoo wa mbwa atakayempata. Mtu aliyelitangaza jina hilo ulimwenguni alikuwa sasa akiwaomba wateja wasilitegemee.

Kwa nini jina lisitegemewe? Jibu lake analijua mkulima yeyote aliyewahi kuhifadhi mbegu za mahindi chotara. Tangu mahindi chotara yaanze kutolewa Kitale mwaka 1964, wakulima wa Kenya wamejifunza kwamba shamba lililopandwa mbegu ya dukani huota kwa usawa, mabua yakilingana kama askari wa gwaride, lakini ukichukua punje za shamba hilo ukazipanda msimu unaofuata, hili linakuwa refu, lile fupi, hili lina hindi kubwa, lile halina. Sababu ni kwamba katika kizazi cha kwanza kila mmea umepata nusu moja kutoka kila upande, na katika kizazi cha pili nusu hizo zinachanganyika upya kwa bahati. Labradoodle ni hivyo hivyo, isipokuwa kwamba wazazi wake hawajawahi kusafishwa kufikia usawa wa mistari ya mahindi, kwa hiyo hata kizazi cha kwanza huja na tofauti zake, kama Sultan na nduguze walivyoonyesha. Ukiwapandisha Labradoodle wawili unaweza kupata katika tumbo moja mtoto mwenye manyoya bapa yanayopukutika kama ya Labrador, mwingine mwenye msokoto wa Poodle, na wa tatu mwenye nywele za katikati zilizosimama kama ufagio.

Hili la manyoya limechunguzwa vizuri. Mwaka 2009 wanasayansi walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa ulimwenguni inatokana na jeni tatu tu: moja huamua urefu, moja msokoto, na moja huleta masharubu na nyusi nzito. Kwa kuwa ni tatu tu, mzalishaji aliyedhamiria anaweza kuzifuata, na wengi wamezifuata. Wanunuzi walidai msokoto, hivyo wazalishaji wakawa wanawarudisha majike chotara kwa madume wa Poodle tena na tena. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Labradoodle wa Australia, ambao wamezalishwa wao kwa wao kwa vizazi kadhaa, ulikuta kwamba sehemu kubwa ya urithi wao ni ya Poodle. Wanunuzi waliotaka utulivu wa Labrador ndani ya koti la Poodle walipewa mbwa ambaye kwa urithi wake ni Poodle zaidi kuliko jina lake linavyosema. Sikioni kuwa kichekesho, ila nakumbuka wale Poodle 33 walioshindwa kazi.

Koti lenyewe lina gharama ambayo tangazo haliitaji. Manyoya ya Labrador hupukutika yakaanguka chini, lakini manyoya yakipukutika ndani ya msokoto hunaswa humo humo. Yasipochanwa hadi kwenye ngozi, yanashikamana na kuwa mafundo, mafundo yanakuwa kama blanketi, na chini ya blanketi hilo ngozi hupata unyevu, vidonda na kupe. Wanyoaji wa mbwa nchini Marekani na Uingereza hulalamika kwamba mara nyingi hawana la kufanya ila kumnyoa mbwa kipara, mwenye mbwa akilia kwamba alitaka afanane na mwanasesere. Ni mbwa yule yule aliyenunuliwa kwa sababu hahitaji kazi.

Ahadi nyingine, ambayo Conron hakuitoa lakini imeshikamana na jina, ni kwamba chotara wana afya kuliko mbwa wa ukoo safi. Ina ukweli ndani yake. Mbwa wa ukoo safi wamezalishwa katika koo zilizofungwa tangu karne ya 19, na jeni mbovu ambayo ingejificha imepata nafasi ya kukutana na pacha wake. Uchunguzi wa mwaka 2018 wa mbwa zaidi ya 100,000, chotara wakiwa wengi zaidi, ulionyesha kwamba mbwa wapatao wawili kati ya watano hubeba angalau nakala moja ya jeni ya ugonjwa kati ya zile zilizopimwa, na kwamba wale wa ukoo safi ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kuwa na nakala mbili na hivyo kuugua.

Lakini kuchanganya kunasaidia pale tu wazazi wanapobeba ubovu tofauti. Labrador na Poodle wanashirikiana baadhi ya magonjwa. Wote wawili wanajulikana kwa nyonga zisizokaa vizuri katika tundu lake, na katika koo zote mbili imo jeni ile ile inayoharibu retina taratibu hadi mbwa anakuwa kipofu, hatima ya ajabu kwa mtoto wa ukoo wa waongozaji. Mzalishaji asiyewapima wazazi macho na nyonga anaweza kuzipata nakala mbili za jeni hiyo katika mtoto chotara kama vile angezipata katika mbwa wa ukoo safi. Ndiyo maana sikushangazwa na matokeo ya chuo cha mifugo cha Royal Veterinary College cha London, kilichochapisha mwaka 2024 uchunguzi wa mbwa 9,402 ukiwalinganisha Labradoodle, Cockapoo na Cavapoo (mtoto wa Cavalier King Charles Spaniel na Poodle) na aina za wazazi wao kwa magonjwa 57 ya kawaida. Katika asilimia 86.6 ya milinganisho hakukuwa na tofauti yoyote, na katika iliyobaki chotara walikuwa afadhali mara karibu sawa na walivyokuwa vibaya zaidi.

Matokeo hayo ni upanga ukatao pande zote mbili, na upande wa pili unamgusa Conron mwenyewe. Katika mahojiano ya miaka ya baadaye, hasa yale ya shirika la utangazaji la Australia mwaka 2019, amesema kwamba Labradoodle ndiye majuto ya maisha yake, kwamba alifungua sanduku la balaa na kuachilia zimwi, na kwamba wengi wa mbwa hao ama wana wazimu ama wana magonjwa ya kurithi. Ninamheshimu kwa kusema hivyo, kwa sababu angeweza kuuza jina lake akaishi kwa raha. Hata hivyo nadhani anajihukumu kwa kosa ambalo si lake. Takwimu za London hazionyeshi zimwi. Zinaonyesha mbwa wa kawaida, wenye magonjwa ya kawaida, waliouzwa kama kwamba si wa kawaida. Yeye aliwazalisha mbwa 31 tu, akiwa na daktari, kumbukumbu za ukoo na wazazi waliopimwa. Ukitaka kumpata mwenye lawama utamkuta kwa muuzaji aliyeona kwamba mtoto wa mbwa asiye na hati yoyote, wa baba na mama ambao hakuna chama kinachodai wapimwe, anaweza kuuzwa kwa bei inayolingana au kuzidi ya Labrador mwenye hati.

Huo ndio mwanya ambao jina liliufungua. Vyama vya koo safi vina makosa yao makubwa, lakini vinaweka daftari. Mtu anayeuza Labrador huulizwa cheti cha nyonga za wazazi. Anayeuza Labradoodle anaweza kujibu kwamba chotara hawahitaji, na mnunuzi, akiwa amekwisha kusikia kwamba chotara wana afya, ataridhika. Kutokea hapo majina yaliongezeka kila upande Poodle alipopelekwa, na mashamba ya kuzalisha mbwa kwa wingi, ambako jike hukaa kizimbani akizaa mwaka hadi mwaka, yalipata bidhaa isiyohitaji daftari. Jimbo la Victoria, ambako Sultan alizaliwa, lilipitisha sheria mwaka 2017 kuyabana mashamba hayo na kuyazuia maduka ya wanyama yasiuze watoto wa mbwa wanaotoka huko. Uingereza nayo ilipiga marufuku mwaka 2020 wachuuzi wa kati kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita, ili mnunuzi aende mwenyewe kwa mzalishaji, au katika kituo cha kuokoa wanyama. Sheria hizo hazikuwataja Labradoodle, wala hazikupaswa kuwataja, kwani mbwa wa ukoo safi nao hutoka katika vizimba hivyo hivyo.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo husahaulika kabisa katika mazungumzo haya. Mashirika ya mbwa waongozaji hayakuacha kuchanganya mbwa. Huko Uingereza, Labrador aliyechanganywa na Golden Retriever ni miongoni mwa mbwa wanaotumiwa zaidi kwa kazi hiyo, na amekuwa akizalishwa kwa miaka mingi kwa mafanikio, kutokana na wazazi waliopimwa macho, nyonga na tabia, huku watoto wasioonyesha uwezo wakiondolewa kazini na kupewa familia za kawaida. Hakuna gazeti lililowahi kumtangaza kama uvumbuzi, na hakuna foleni ya wanunuzi wanaomtafuta kwa jina. Katika daftari za shirika huandikwa tu kwamba ni mchanganyiko wa mbwa wawili hao.

Kwa mtu mwenye mzio ambaye hata sasa anamtaka Labradoodle, njia iliyotumiwa Hawaii bado iko wazi. Anaweza kumwomba mzalishaji matokeo ya vipimo vya wazazi wote wawili, akaenda akakaa na yule mtoto anayekusudia kumnunua zaidi ya mara moja, akamwacha amlambe mkono, na akarudi nyumbani na kitambaa kilichosuguliwa katika manyoya na mate yake, akalala nacho chumbani siku kadhaa, kwa ushauri wa daktari ikiwa ana pumu. Mzalishaji akikataa kumpa kitambaa hicho, amekwisha kumjibu.